SOMO: Miche ya migomba kutoka labo – namna ya kuitoa katika chupa na kuifikisha shambani bila hasara



Koperative nyingi za Kivu zinatuandikia ulizo moja: «Tunaambiwa miche ya labo ndiyo dawa ya magonjwa ya migomba. Ni kweli? Na juu ya nini kwetu ilikauka yote?» Somo hili linajibu maulizo yale mawili. Lisomeni pamoja katika kikundi, sehemu moja kwa mara moja, na mwisho kuna maulizo ya kuzungumuzia.

Nianze na kosa langu mwenyewe, ili lisikuwe lenu.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilipokea miche 400 ndani ya chupa kwa ajili ya koperative moja ya milimani. Kwenye masomo nilikuwa nimejifunza jambo hili katika kitabu, lakini mikono yangu ilikuwa haijaligusa. Siku ya kwanza tulifungua chupa, tukapanda miche katika sashe zenye udongo mzuri na samadi nyingi, tukanyunyiza maji, tukaiweka chini ya avoka. Nilikwenda kulala na furaha. Siku ya tatu majani yalikuwa kama karatasi. Kisha wiki moja ilibaki miche 31. Wazee wa koperative hawakunilaumu. Walinyamaza tu, na kunyamaza kwao kulikuwa kuzito kuliko matusi, kwa sababu walikuwa wamechimba mashimo 400 kwa mikono yao, na mashimo yale yalibaki wazi mpaka mvua ya mwaka uliofuata.

Udongo ulikuwa muzuri na maji yalikuwepo. Kosa lilikuwa moja: mutoto alitolewa ziwa siku moja tu, bila kuzoezwa.

1. Labo inafanya nini?

Watu wa labo wanachagua mugomba mama ulio na afya na wenye kuzaa vizuri. Wanachukua kichipukizi chake, wanakichonga mpaka kubaki ile sehemu ndogo ya katikati yenye kukua, wanaisafisha kwa javeli, na wanaiweka katika chupa safi yenye chakula kama jeli. Katika jeli ile kuna sukari, chumvi za mimea, vitamini, na dawa ya kuamsha vichipukizi. Kila wiki chache wanakata vichipukizi vipya na kuviweka katika chupa zingine. Mwishoni wanavipatia jeli ya kuotesha mizizi.

Namna hii haifanywe kwa migomba peke yake. Viazi, mananasi na maua ya kuuzisha yanazalishwa vilevile. Hata majani ya mapambo yenye Wazungu wanaotesha ndani ya masanduku ya kioo ya samaki yanatoka katika vikopo vya jeli. Moja yao ni Anubias, mumea wa kando ya mito ya misitu yetu ya Afrika ya kati na ya magharibi. Mwenye kununua kikopo kile kule Ulaya anapashwa kufanya kama sisi: kusafisha jeli yote, na kumpa mumea wakati wa kuzoea maisha mapya.

Faida ya labo ni mbili. Ya kwanza, tunapata miche mingi yenye kulingana, kwa wakati mumoja. Ya pili, miche inatoka bila vidudu vya udongo, bila funza wa kitako cha mugomba, bila minyoo ya mizizi, na bila bakteria wa mnyauko, kama mama alichaguliwa sawasawa.

Lakini muangalie: virusi vinaweza kupita ndani ya labo pamoja na muche. Jeli na javeli haviviue. Kwa hiyo, mbele ya kulipa, koperative iombe labo ionyeshe kama mugomba mama ulipimwa juu ya virusi, zaidi sana virusi vya banchi topu. Muuzaji akikasirika juu ya ulizo lile, mutafute mwingine.

2. Juu ya nini muche unakufa ukitoka katika chupa?

Ndani ya chupa hewa imejaa unyevu. Jani halijawahi kuona jua kali wala upepo. Ngozi yake haina ile nta yenye kuzuia maji yasitoke, na vitundu vyake vya kupumulia havijajua kujifunga. Mizizi nayo ilikulia katika jeli: haina nywele za kunywa maji ya udongo. Tena muche ulikuwa unakula sukari ya bure. Haujajua kujipikia chakula kwa mwangaza.

Ukiutoa na kuuweka inje, jani linapoteza maji mbio, na muzizi hauwezi kurudisha yale maji. Hata ukimwanga ndoo nzima, muche unakufa na kiu ukisimama ndani ya maji. Ndiyo ilitupata kwa miche yetu 400. Unaomba muda: jani lijifunze, muzizi mupya uote. Kuachisha ziwa kunachukua wiki karibu 4, kisha wiki 6 mpaka 8 za pepiniere.

3. Mbele ya miche kufika

Tuhesabu kwa kurudi nyuma. Kwetu Kivu ya Kusini mvua ya musimu A inaanza Septemba. Tunataka kupanda mwisho wa Septemba, udongo ukiisha kulowana. Tukitoa wiki 12, chupa zinapashwa kufika mwanzo wa Julai. Julai ni kiangazi. Kwa hiyo pepiniere iwe karibu na maji ya hakika. Kama hakuna maji karibu, ni vizuri kununua miche yenye iliisha kuachishwa ziwa na kukomaa katika sashe, hata kama bei yake iko juu.

Mutayarishe hivi:

Udongo. Muchanganye vipimo 3 vya udongo wa juu na kipimo 1 cha mchanga. Samadi bado. Muuchukue mahali pasipo na migomba, kisha muupike: pipa la chuma, maji kidogo chini, mbao au mawe ya kushika gunia juu ya maji, udongo wenye unyevu ndani ya gunia, kifuniko juu. Mvuke upite kati ya udongo saa 2 nzima. Muuache upoe mpaka kesho yake.

Chumba cha unyevu. Fito au mianzi, vikunjwe kama mugongo wa nyumba ndogo, urefu wa juu mpaka kiunoni. Juu yake shitingi yenye kupitisha mwangaza, na pembe zake zifukiwe katika udongo. Chini mchanga wenye kulowana. Juu ya yote kivuli cha majani, chenye kuzuia nusu ya jua au zaidi. Shitingi bila kivuli ni jiko, inaivisha miche.

Maji safi. Ya mvua au ya chemchemi. Maji ya muto yenye matope yanaleta magonjwa.

4. Siku ya kufungua chupa

Ifanyeni asubuhi mapema au jioni, ndani ya nyumba au penye kivuli. Munawe mikono kwa sabuni.

Mutoe muche polepole. Musiuvute kwa majani. Muusafishe mizizi katika maji ya vuguvugu mpaka jeli yote itoke. Jeli ina sukari, na sukari ikibaki kwenye muzizi inaita ukungu. Kazi hii tunaipatia watu wenye vidole vya uvumilivu, na mara nyingi ni wamama. Mugawe miche katika mafungu mawili, mikubwa na midogo, ili mikubwa isifunike midogo.

Mutoboe udongo kwa kijiti, muweke mizizi, mukandamize kidogo. Shina lisizamishwe. Munyunyize kwa pulverizateri, na mara moja muweke ndani ya chumba. Muche usikae dakika nyingi katika upepo. Mutoe chupa chache chache: mumalize hizi, ndipo mufungue zingine.

5. Wiki 4 za kuachisha ziwa

Wiki ya 1: shitingi imefungwa kabisa. Kila asubuhi muangalie matone ya maji ndani ya shitingi. Matone yakiwepo, unyevu unatosha. Yakikosa, munyunyize.

Wiki ya 2: mufungue pembe moja, saa 1 asubuhi na saa 1 jioni.

Wiki ya 3: mufungue nusu ya siku, lakini mufunge wakati wa jua kali na upepo.

Wiki ya 4: muache wazi usiku kucha, kisha na muchana. Jani jipya likitoka gumu na lenye rangi ya majani mabichi, mutoto amekubali kula ugali.

Majani ya zamani ya chupa yatakauka polepole. Musiogope, muangalie jani jipya la katikati. Lakini shina likiwa jeusi chini na kuoza, maji ni mengi: mutoe muche ule, mupunguze kunyunyiza, mupitishe hewa.

Kazi hii inaomba mutu mumoja mwenye kujulikana. Pale kazi iko ya wote, kila mutu anasema mwenzake alifunga shitingi. Muandike majina ya zamu, na muhesabu miche yenye kufa kila wiki. Mwaka uliofuata kosa langu tulipokea miche 300, tukaweka mulinzi mumoja na daftari. Tulipoteza 21.

6. Wiki 6 mpaka 8 za pepiniere

Sasa muhamishe miche katika sashe kubwa, ya lita 1 mpaka 2, yenye matundu chini. Hapa ndipo samadi inaingia: vipimo 3 vya udongo, 1 cha mchanga, 1 cha samadi yenye kuoza kabisa. Samadi mbichi inachoma mizizi. Kivuli kipunguzwe kidogo kidogo, na wiki 2 za mwisho miche ikae karibu jua wazi.

Muondoe yenye sura ya ajabu: iliyo mifupi sana kuliko wenzake, au yenye majani ya madoadoa meupe. Labo ikikata vichipukizi mara nyingi kupita kiasi, miche ya namna ile inatokea, na haitazaa sawasawa.

Muche uko tayari kwenda shambani ukifikia urefu wa santimetri 30 hivi, na majani mazima 5 au zaidi.

7. Shambani

Mashimo ya santimetri 60 kila upande, na udongo wa juu uwekwe mbali na wa chini. Nafasi ya metre 3 kwa 3 inatoa migomba 1 111 kwa hektare. Mulimi mwenye miche 25 anahitaji kipande cha metre 15 kwa 15 tu. Muchanganye udongo wa juu na ndoo ya samadi yenye kuoza, murudishe ndani, mupande, mupasue sashe na muitupe mbali. Mufunike chini kwa majani makavu, bila kugusa shina.

Rejeti ya kawaida inakuja na kitako kinene, ndiyo chakula chake cha njiani. Muche wa labo unakuja bila akiba. Miezi 4 au 5 ya kwanza unaomba palizi, maji kama mvua ikikatika, na kulindwa na mbuzi. Maharagi katikati ya mistari ni mazuri. Kisha, katika kila shina mubakize watatu tu: mama, mutoto na mujukuu. Mtakula zaidi ya mwaka mumoja kisha. Juu milimani, penye baridi, inaweza kukaribia miaka 2.

8. Ulizo la Mama mumoja

Katika mkutano mumoja upande wa Kabare, mama mumoja mjane alisimama na kuniuliza: «Agronoma, uko unaniomba nikate migomba 60 yenye ilisomesha batoto yangu, juu ya majani haya yenye kulingana na lengalenga?» Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Nilipofika kwake nilikuta mashina 9 yenye mnyauko: majani ya manjano yenye kuvunjika, ndizi zenye kuiva mbele ya wakati na rangi ya kutu ndani, na mtu akikata shina, usaha wa manjano unatoka. Mashina 51 yalikuwa mazima.

Tuseme ukweli. Zamani sisi ma-agronoma tulifundisha kungoa shina lote na watoto wake wote, mara ingine shamba zima. Walimi wengi walikataa, na hawakukosa akili: hakuna mutu anatupa chakula cha mwaka mbele ya kupata kingine. Kisha uchunguzi, hata hapa Kivu, ulionyesha kwamba bakteria haifikie watoto wote wa shina moja. Leo tunafundisha hivi:

– Kata mugomba wenye ugonjwa peke yake, chini kabisa kwenye udongo. Wenzake uwaache. Rudi kila wiki na kuangalia.
– Kila kisha kukata, safisha panga: katika moto mpaka likuwe moto sana, au katika javeli, kipimo 1 kwa vipimo 5 vya maji.
– Vunja ua la dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, mara tu mkono wa mwisho wa ndizi ukiisha kutokea. Wadudu wanabeba ugonjwa kupitia pale.
– Usichukue rejeti katika shamba lenye mnyauko, hata kama inaonekana nzuri.

Kwa hiyo Mama hakukata migomba yake 60. Alikata ile migonjwa, na akapanda miche 25 ya labo upande mwingine, mahali palipokuwa maharagi, kwa panga yake tofauti. Mbuzi walikula miche 3. Mingine 22 ilizaa. Katika shamba la zamani bado anakata mugomba mumoja mara kwa mara, lakini anakula na anauzisha.

Jibu linakuwa lingine kama ni banchi topu. Dalili zake: majani membamba yenye kusimama na kujikusanya juu kama ufagio, pembe za manjano, na mistari mifupi mifupi ya kijani nzito kwenye mkono wa jani. Ile haina dawa. Inabebwa na vidudu vidogo vyeusi vyenye kujificha kwenye kitako cha majani. Munyunyize kwanza maji ya sabuni ili vife, ndipo mungoe shina lote na watoto wote. Hapo hakuna kuhurumia, hata kama kuna mukungu juu yake.

Muelewe vizuri: muche safi haiko muche wenye chanjo. Unafika bila ugonjwa, lakini ukiupanda kati ya wagonjwa na kutumia panga chafu, utaugua kama wengine.

9. Bei: tununue kidogo, tuzalishe wenyewe

Miche ya labo iko bei kali kwa familia moja. Shauri letu: koperative inunue michache, iipande pamoja katika shamba mama lenye ulinzi. Ikiisha kukua, vitako vya watoto wake vinaweza kuzalishwa hapa kijijini: kitako kinachongwa safi, jicho la katikati linakatwa msalaba, kinawekwa katika takataka ya mbao yenye kupikwa na kulowana, ndani ya chumba cha shitingi kama kile cha sehemu ya 3. Kitako kimoja kinatoa miche mingi bila labo. Lakini mama akiwa mgonjwa, watoto wake wanaweza kuwa wagonjwa vilevile. Ulinzi wa shamba mama ndiyo kazi yote.

Maulizo ya kuzungumuzia katika mkutano

1. Maji ya pepiniere yetu ni ya hakika mwezi wa saba na wa nane? Kama hapana, tununue miche ya chupa au ya sashe?
2. Nani atafungua na kufunga shitingi? Atalipwa nini kwa kazi ile?
3. Kila mumoja ahesabu kwake: mashina mangapi yana mnyauko? Kuna yenye alama za banchi topu?
4. Wajane na wenye shamba dogo watapata miche namna gani, ikiwa ni michache?
5. Shamba mama liwekwe kwa nani, na tufanye nini kama mwanamemba anaingia mle na panga chafu?

Muandike majibu katika daftari la koperative mbele ya kutuma komande. Chupa hazingoje: siku zikifika, chumba cha unyevu kiwe kimesimama.